Babu Yuko Nyuma ya Nyumba

Ma Klaudia hakuwahi kujifunza Kiingereza. Shule aliiacha darasa la nne, mama yake alipougua na wadogo zake wakakosa wa kuwapikia, na tangu hapo akaishi na lugha zake mbili: Kihaya cha nyumbani na kibanjani, kwenye shamba la migomba, Kiswahili cha kanisani, hospitalini na ofisini kule Muleba. Zilimtosha. Aliolewa Buganguzi kwa lugha hizo, akalima migomba na kahawa kwa lugha hizo, akazika watoto wawili wachanga na kumlea mmoja aliyebaki, Dativa, kwa lugha hizo hizo. Hakuona amepungukiwa kitu mpaka alipopata mjukuu.

Dativa alisomea uuguzi, akapata kazi Uingereza, akaolewa huko na mtu wa Zambia. Mume na mke hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja ila Kiingereza, na mtoto wao akanyonya hicho. Walimpa jina la Kihaya, Kemilembe, la mama mkwe wa Klaudia. Lakini zaidi ya jina, mtoto hakuwa na neno lingine la nyumbani.

Ta Ildefons, mume wa Klaudia, jambo hilo halikumsumbua hata kidogo. Alikuwa mtu wa mzaha. Kiingereza chake chote kilikuwa salamu moja, "Good morning, madam," na aliitumia kwa mjukuu wake kila Jumapili walipopigiana simu ya picha, hata kama jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mtoto alicheka mpaka akaanguka kwenye kiti. Ildefons naye akavua kofia, akaivaa, akavua tena. Alimwonyesha mbuzi, akamwonyesha mkungu wa ndizi uliokuwa karibu kukatwa, akaishika punje ya kahawa mbivu karibu na simu hadi skrini yote ikawa nyekundu. Klaudia alikaa pembeni akiwatazama, akingoja zamu yake, na zamu ilipofika hakuwa na la kusema. Alitabasamu tu na kupunga mkono.

Ildefons alifariki wakati wa masika. Alitoka asubuhi kwenda kukata ndizi za mchana, akaketi chini ya migomba kama mtu aliyechoka, na hakuinuka tena. Walimzika kesho yake nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja alichokirithi kwa baba yake, karibu na kaburi la huyo baba.

Dativa hakuja. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa zimeshikwa ofisini huko, na aliambiwa akitoka asitegemee kuruhusiwa kurudi. Basi shemeji yake Klaudia, Avit, akasimama ukingoni mwa kaburi akiwa ameinua simu ili Dativa aone. Aliona padre, akaona vichwa vya watu, akaona mvua. Sanduku lilipoanza kushushwa mtandao ukakata. Avit aliitikisa simu, akaiinua juu zaidi, akasogea huku na huku kati ya wafiwa, na uliporudi, watu walikuwa wanapigapiga udongo kwa majembe. Sauti ya Dativa ikasikika ikiuliza kutoka mkononi mwa Avit, "Tayari? Ndiyo tayari?"

Klaudia aliisikia sauti ile kwa muda mrefu sana baada ya watu kuondoka.

*

Jumapili ya kwanza waliyopigiana simu baada ya matanga, Kemilembe alitokea kwenye kioo akiwa na nywele zilizosukwa vizuri. Alimtazama bibi yake, akachungulia kushoto na kulia kana kwamba kioo kilikuwa dirisha, kisha akauliza kitu.

"Anauliza babu yuko wapi," Dativa alisema. Alikuwa hajamwambia mtoto. Alisema anatafuta siku nzuri.

Klaudia hakufikiri mara mbili. Nyumbani kwao swali hilo lina jibu lake. Mwenye nyumba akifa haendi mbali. Ukiulizwa aliko, unaelekeza kwa kidevu upande wa migomba, na mtu wa Buganguzi anavua kofia bila kuuliza zaidi.

"Mwambie yuko nyuma ya nyumba," alisema.

Dativa akamgeukia mtoto na kulisema lile jibu kwa Kiingereza. Uso wa mtoto ukachanua. Akapiga makofi, akapunga mkono, mambo yakaisha hapo.

Tangu siku hiyo kulikuwa na neno moja ambalo Klaudia alilisikia kila Jumapili. Mtoto aliongea haraka, maneno yakipita kama maji, lakini lile moja lilibaki: bihaindi. Bihaindi nini, hakujua. Alimwuliza Dativa, naye akasema, "Ni mambo ya watoto, Mama, usijali." Lakini Klaudia alitaka kulijua. Lilikuwa neno la kwanza la mjukuu wake alilolikamata mwenyewe, na hakutaka kuliachia.

Akatuma mtu amwite Mwalimu Rweyemamu. Mzee huyo alifundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kijijini kufuga nyuki. Alifika kwa Klaudia siku ya pili yake, akaketi kwenye kigoda uani, akapewa kahawa ya kutafuna.

"Behind," alisema baada ya kulisikia. "Ni neno la kawaida kabisa, Ma Klaudia. Maana yake nyuma."

"Nyuma? Basi?"

"Basi. Lakini nyuma yenyewe ina mambo yake." Mwalimu alifurahi, ilikuwa zamani tangu mtu amuulize kitu cha darasani. "Nyumba hii ina uso. Uso wake ni mlango. Kwa hiyo nyuma ya nyumba ni kule mlango usikotazama. Hapo sisi na Mwingereza tunaelewana. Sasa tazama mgomba ule. Mgomba hauna uso. Kuku akipita akawa upande ule wa pili, nisimwone, Mwingereza anasema kuku yuko behind ya mgomba. Umemficha."

"Mimi ningesema yuko mbele ya mgomba," alisema Klaudia. "Si ameutangulia?"

"Hata marehemu mama yangu angesema hivyo. Ndiyo maana wanafunzi wangu walikuwa wanakosa mtihani." Wakacheka wote wawili. "Na lina matumizi mengine. Watu wakisafiri wakakuacha, umeachwa behind. Kazi ikikulemea ukachelewa, uko behind. Na mtu akitaka kukuambia anakuunga mkono kwa shida yako, anasema yuko behind yako. Yaani amesimama mgongoni mwako, huwezi kuanguka."

Klaudia alikuwa bado ameutazama mgomba.

"Kwa hiyo kwao," aliuliza polepole, "kitu kikiwa nyuma ya kitu, kimefichika tu?"

"Mara nyingi, ndiyo. Kipo, ila hukioni."

"Ukizunguka unakikuta."

"Ukizunguka unakikuta," alikubali Mwalimu, na hapo akauona uso wake ulivyobadilika. "Kuna nini, Ma Klaudia?"

Klaudia alimwomba arudi Jumapili baada ya misa, akae naye simu itakapopigwa, amwambie mtoto anasema nini hasa.

Mwalimu alikuja. Alikaa upande ambao kamera haikumwona, mikono juu ya fimbo yake. Kemilembe alizungumza, akaonyesha jino lililong'oka, kisha likaja lile neno. Klaudia alimgeukia Mwalimu. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa.

"Anauliza kama babu yake bado yuko nyuma ya nyumba," alisema kwa sauti ya chini, kwa Kihaya. "Anasema amekaa huko sana. Anauliza kama huwa anaingia ndani kula."

*

Jioni ile Klaudia alimpigia Dativa yeye mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake.

"Umemwambiaje mtoto?"

"Nilimwambia ulichosema wewe, Mama. Neno kwa neno."

"Nilisema kwa Kihaya changu, hata kama kinywani kilikuwa Kiswahili. Wewe unajua nilichosema."

Dativa akaanza kulia, si kwa kelele, kama mtu anayelia huku ameweka mkono mdomoni ili mwenzake wa chumba cha pili asisikie.

"Ulipolisema," alisema, "nikaona ni kweli. Nikaona sijadanganya. Na yeye alifurahi. Kisha na mimi, Mama, na mimi nikawa nafurahi. Kila akiuliza nikimjibu, namwona Tata amesimama kule na panga lake na kofia. Sikumwona akiingia ardhini. Niliona mvua tu. Kwa hiyo kwangu bado yuko huko, anakata majani makavu."

Klaudia alikuwa amejiandaa kumgombeza. Hakumgombeza.

"Tutakuja," alisema Dativa. "Karatasi zimetoka. Tukifika nitamwambia mwenyewe. Niachie nimwambie mwenyewe."

"Haya, waitu mwanangu," alisema Klaudia. Alikaa na simu mapajani mpaka kioo kikazima. Alimwonea binti yake huruma, lakini pia, jambo ambalo hakumwambia mtu, alimwonea wivu. Yeye aliliona sanduku likishuka. Yeye alikuwa na kitanda chenye upande mmoja uliolala baridi. Naye angependa kuwa mahali ambapo mtu anaweza kuambiwa kwamba Ildefons yuko upande wa pili wa ukuta tu, na akaamini.

Wakati mwingine, akimenya ndizi jikoni, alijaribu kuamini hivyo. Aliigeuzia migomba mgongo, akasikiliza. Upepo ukipita kwenye majani ya migomba hutoa sauti kama ya mtu anayepita. Alijua ni upepo. Lakini kisu kilisimama mkononi hadi sauti ile ikome.

*

Dativa na mtoto walifika Juni, kahawa ikiwa imeiva. Klaudia na Avit waliwapokea uwanja wa ndege wa Bukoba, pale ndege zinapoinama juu ya ziwa kana kwamba zitatua majini. Dativa alikuwa amenenepa na amechoka. Mume wake alibaki kazini. Kemilembe alishuka ngazi akiwa ameshika begi dogo lenye masikio ya sungura, na alipomwona bibi yake alisimama, akamtazama vizuri, akahakikisha ndiye yule wa kwenye kioo. Kisha akaja na kumkumbatia kiunoni. Klaudia alishangaa kwamba ana uzito. Miaka yote hiyo alikuwa picha.

Gari la kukodi liliwachukua hadi Muleba, wakanunua nyama na mkate, wakashika barabara ya vumbi ya Buganguzi. Njia nzima mtoto aliuliza vitu na mama yake akajibu kwa mkato. Klaudia alimkazia macho binti yake. Dativa akatikisa kichwa kidogo: bado.

"Mwambie kabla hatujafika," alisema Klaudia.

"Tukifika, Mama. Tukikaa. Tukinywa chai."

Hawakuwahi kunywa chai. Gari liliposimama uani, kabla Avit hajafungua buti, Kemilembe alikwisha shuka. Aliitazama nyumba, akauona mlango, na kwa akili yake nzuri akajua hapo ndipo mbele. Akatupa begi, akapiga kelele ya furaha, akakimbia kuuzunguka ukuta. Walimsikia akiita huko. Kwanza aliita kama mtu anayecheza kibe, akimtafuta aliyejificha. Kisha akaita kwa sauti ya kawaida. Kisha akaita kwa kuuliza.

Dativa alikuwa amesimama kando ya gari, mkono kwenye mlango. "Siwezi," alisema. "Mama, nenda wewe. Siwezi kufika pale."

"Unaweza."

"Sijafika pale hata mara moja. Miguu haitaki."

Klaudia alikuja akasimama mgongoni mwa binti yake. Aliweka viganja vyote viwili kati ya mabega yake, kama alivyokuwa akimshika zamani wakipanda mlima kutoka kisimani, ndoo ikiwa kichwani.

"Mwalimu amenifundisha neno," alisema. "Mimi niko bihaindi. Tembea."

Dativa alitoa kitu kati ya kicheko na kilio, akapiga hatua. Wakauzunguka ukuta hivyo, mmoja akimsukuma mwenzake.

Kemilembe alikuwa amesimama kati ya migomba. Makaburi yalikuwa mawili, la zamani lililoota kuvu ya kijani na jipya la sementi lenye msalaba na jina. Alikuwa ameanza kusoma mwaka ule. Kidole chake kilikuwa juu ya herufi, kinapita moja moja. Alipofika mwisho wa jina aliinua macho, akamtazama mama yake, na hakuwa mtoto wa kudanganywa tena.

Dativa alipiga magoti. Alimwambia kwa Kiingereza, na Klaudia hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Mtoto alisikiliza. Aliuliza jambo fupi, akielekeza kidole chini, kwenye sementi. Dativa akaitikia kwa kichwa. Hapo Kemilembe akakasirika. Hakulia, alikasirika. Alimpiga mama yake begani kwa ngumi, mara kadhaa, akisema maneno yale yale, na Dativa hakumzuia.

"Anasema nini?" aliuliza Klaudia.

"Anasema nilimwambia yuko nyuma ya nyumba." Dativa alikuwa analia wazi sasa, pua na yote. "Anasema alimwekea pipi. Alimletea pipi kwenye begi."

Klaudia alirudi uani, akaokota begi la masikio ya sungura, akaja nalo. Aliketi juu ya majani makavu, karibu na kaburi, mahali alipozoea kuketi. Alifungua begi, akamnyooshea mtoto. Mtoto alisimama akinung'unika kwa muda, kisha akaja. Alichukua pakiti, akatoa pipi moja akaiweka juu ya sementi, akafikiri, akaongeza nyingine. Moja akampa bibi yake. Moja akala mwenyewe. Mama yake hakumpa hadi baadaye sana.

Dativa alikuwa amejilaza kifudifudi juu ya kaburi la baba yake, shavu kwenye sementi iliyopata joto la mchana. Alikuwa akiongea naye kwa Kihaya, Kihaya cha mtoto, kile alichoondoka nacho. Avit aliyekuja na chai alisimama kwa mbali, akageuka na birika lake.

*

Walikaa hadi karibu na mwisho wa mavuno. Kemilembe hakumsamehe mama yake upesi. Siku za kwanza alilala kwa bibi, upande ule wa kitanda uliokuwa mtupu, akipiga mateke usingizini. Klaudia hakulala vizuri na hakutaka kulala vizuri. Mchana walichuma kahawa pamoja. Mtoto alijifunza kusema kibanja, akajifunza kusema mbuzi, akajifunza kumwamkia Mwalimu Rweyemamu kwa Kihaya na kupiga goti kidogo, na mzee akajifanya kuanguka kwa mshangao. Asubuhi, kabla ya uji, alikwenda nyuma ya nyumba peke yake. Klaudia aliwahi kumfuata mara moja kwa siri. Alimkuta amesimama mbele ya msalaba, amevaa kofia kuukuu ya babu yake iliyomfunika hadi puani. Akaivua, akaivaa, akavua tena. Klaudia akarudi jikoni kwa kunyata.

Dativa naye alibadilika. Aliacha kuzungumza kwa kukimbia. Siku moja, wakiwa wanamenya ndizi, alisema bila kuinua macho, "Sasa nimemkosa kweli, Mama. Zamani nilikuwa simwoni tu." Kisha akasema, "Inauma zaidi. Lakini naweza kupumua." Klaudia aliendelea kumenya. Alimwelewa, kwa sababu yeye alikuwa ameingia katika maumivu hayo mapema na kuvijua vyumba vyake vyote.

Aliwauliza kama wanaweza kukaa zaidi. Aliuliza kama mtu anayetania. Dativa akajibu kama mtu anayetania, kwamba wakichelewa watampa kazi yake mtu mwingine, na wote wawili wakaangalia pembeni.

Siku ya kuondoka Klaudia aliwasindikiza hadi Bukoba. Uwanjani mtoto alimshika shingo na kumwambia jambo refu sikioni, kwa Kiingereza, kwa bidii, kana kwamba akisema taratibu bibi ataelewa. Klaudia aliitikia kila sehemu. Dativa alitaka kufasiri, Klaudia akamzuia kwa mkono. Alitaka kulibeba kama lilivyo.

Ndege iliruka ikaelekea ziwani, ikawa ndogo, ikaingia katika mng'ao. Avit alisema waende, basi la Muleba lisije likawaacha.

Muleba walishuka ili Avit apate dawa ya kahawa. Klaudia alibaki sokoni akizunguka bila shida ya kitu. Penye viatu akakuta buti za mvua za watoto, za njano, zimepangwa juu ya gunia. Kibanjani kulikuwa na tope msimu wote wa mvua.

"Za umri gani, mama?" aliuliza muuzaji.

Klaudia alizishika, akazipima kwa kiganja, akakumbuka unyayo uliokuwa ukimpiga mateke usiku. Akazirudisha. Akachukua jozi kubwa zaidi, akaifikiria, akairudisha hiyo nayo.

"Nipe zile," alisema, akielekeza jozi kubwa zaidi ya zote, "akirudi atakuwa ameshakua."